Kilima Kinaonekana

Katika miaka yote niliyorusha ndege kutoka kiwanja cha Shinyanga, sikumbuki hata mara moja kuambiwa na mwenye mgonjwa kwamba kwao kuna mvua. Nilikuwa nikiita kwa redio kabla ya kuondoka, nauliza mawingu yako wapi, najibiwa yako juu kabisa. Nauliza kilima mnakiona, najibiwa tunakiona vizuri sana. Nafika nakuta wingu limelalia miti kama kuku aliyelalia mayai, na watu wamesimama ukingoni mwa kiwanja wamelowa chapachapa, wananipungia mikono. Hawakuona haya hata kidogo. Ndege imefika, mgonjwa yuko kwenye machela, basi.

Nilikuwa nikiwafokea. Niliwahi kumfokea katekista mtu mzima mbele ya wanawe, mzee ambaye nilipaswa kumwamkia kwanza, nikamwambia siku moja uongo wake utaua mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Rubani, ningesema kweli ungekuja?" Nilimwona mjinga, nikapanda ndege yangu nikaondoka na mgonjwa wake.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Tulikuwa marubani wawili na ndege moja ya injini moja, mali ya huduma ya tiba ambayo sitaitaja. Tulipeleka dawa kwenye hospitali za misheni na zahanati za magharibi, Masumbwe, Ushirombo na vijiji vya kando yake, tukawachukua wagonjwa walioshindikana huko na kuwapeleka Mwanza. Wiki hii naruka mimi, wiki ijayo anaruka mwenzangu. Anayebaki chini anakaa na redio.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa mjini. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku huku bara, na yeye alizaliwa nyuma ya duka la familia, Shinyanga mjini, hatua chache kutoka msikitini. Mimi ni Msumbwa, mtoto wa wakulima Wakatoliki wa upande wa Ushirombo. Alinitania kwamba sisi watu wa mihogo tunaogopa anga kwa sababu haina mizizi. Nilimtania kwamba yeye akinyimwa mapaa ya bati hawezi kufika hata Kahama. Tulipendana kama ndugu, na nalisema hili mapema ili msomaji ajue nilichokuwa nacho.

Mimi niliamini saa. Ndivyo tulivyoviita vipimo vilivyo mbele ya rubani, kwa kuwa vyote ni vya duara na vyote vina mishale. Nilipojifunza urubani nje ya nchi, mwalimu alinivalisha kofia yenye ukingo mrefu, nisione nje, nione saa tu, halafu akaipindua ndege alivyotaka na kuniambia niinyooshe. Pale ndipo nilipojua kwamba mwili wa binadamu ni mwongo. Ukiwa ndani ya wingu, makalio yako yatakuapia kwamba umekaa sawa, kumbe bawa moja limeinama na unazunguka taratibu kuelekea ardhini. Saa itakwambia ukweli. Saa haina mke wala mtoto, haimwonei mtu huruma, ndiyo maana inaaminika.

Mwenzangu aliamini macho. "Mwenye macho haambiwi tazama," aliniambia kila nilipoanza mahubiri yangu. Alijua nchi yote ile kwa mapaa yake na maji yake: bati jeupe la kiwanda cha kuchambulia pamba, majaruba ya mpunga yanayong'aa baada ya mvua, vilima vya mchanga wa kijivu vya mgodi wa zamani wa Geita. Watu walipohamishwa kwenda kwenye vijiji vipya, alikasirika kama mtu aliyehamishiwa samani zake. Zizi alilolizoea halipo, mahali palipokuwa na boma la minyaa pamebaki minyaa mitupu. Ilimchukua mwaka mzima kujifunza nchi upya.

Kusema haki, hakuna kati yetu aliyekuwa sahihi peke yake. Mwanza kulikuwa na mtambo wa redio ambao mshale wetu uliweza kuufuata hata mawinguni. Kwenye viwanja vya misheni hakukuwa na kitu ila nyasi na mbuzi. Saa zingeweza kukuweka hai juu, lakini zisingeweza kukuteremsha kule. Kuteremka ni lazima uione ardhi, na usipoiona unageuza, unafuata mshale kwenda Mwanza, na mgonjwa anabaki. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea yule aliyeko chini akutazamie.

Katika misheni ya kwetu alama ilikuwa kilima. Ukitoka Kahama unafuata barabara, kilima kikifika usawa wa bawa lako la kushoto unakunja kulia, na kiwanja hicho hapo. Mtu wa chini akikiona kilima chote mpaka kileleni, njoo. Akikiona kiuno tu, usije, kwa maana barabara inapita jirani nacho mno na wewe utakuwa chini mno. Sheria hiyo niliitunga mimi. Niliiandika kwa mkono na kuibandika kwenye vyumba vya redio vya misheni zote tulizohudumia, nikawalazimisha watu waisome kwa sauti mbele yangu.

Mwaka mmoja, kwenye mvua za mwezi wa tatu, nilikuwa likizo nyumbani. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Uchungu ulimshika tukampeleka hospitali ya misheni, na siku ya pili ilipoanza bado hajajifungua. Mtoto amekaa kimkingamo, na damu imeanza kutoka. Daktari alikuwa safarini. Mganga msaidizi, kijana mwaminifu, alinieleza bila kuficha: anahitaji kupasuliwa, mimi siwezi, mpelekeni Mwanza. Barabara ya Mwanza ilikuwa imekatwa na mto uliofurika juu ya daraja.

Nilisimama kwenye baraza la wodi nikitazama mvua. Mama mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa uwanja, chini ya paa la jiko. Yeye ni Msukuma wa kizamani, na kwa desturi yao mkwe na mkwewe hawakaribiani. Tangu nimwoe binti yake tulisalimiana kwa mbali, yeye ameinamisha uso, mimi nimegeukia pembeni, na nikiwa na jambo nalipeleka kwa mtu wa tatu. Asubuhi ile alivuka uwanja kwenye mvua bila kujifunika kichwa, akaja mpaka mbele yangu, karibu kiasi cha kugusana, akanitazama usoni.

"Baba," alisema, "ndege si ni yenu?"

Sikuwahi kuyaona macho yake kabla ya siku ile. Nikamwita mama kwa lugha yake, nikasema, "Ni yetu, mayu."

"Basi iite."

Nilikwenda chumba cha redio. Sista aliyesimamia redio alinipisha kiti. Karatasi yangu ya sheria ilikuwa ukutani, na kando yake dirisha linalotazama kilima. Nilitazama. Palipokuwa na kilima palikuwa na weupe mtupu, hata mikaratusi ya uwanjani ilionekana nusu. Nikaita Shinyanga, mwenzangu akajibu mara moja.

"Hali ikoje huko?"

"Mvua nyepesi."

"Kilima unakiona?"

Sista alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema polepole, "Baba, hakionekani." Nilikuwa nimeachia kitufe, kwa hiyo mwenzangu hakumsikia. Nikakibonyeza tena.

"Kinaonekana."

"Chote?"

"Chote. Njoo."

Redio ilikwaruza. Kisha akauliza, "Mgonjwa nani?"

"Mke wangu."

"Naja," alisema.

Naomba nieleweke. Sikukosea. Sikudhani kwamba mvua itakatika, wala sikuona kivuli nikakifikiria kuwa kilima. Mkulima aliyedanganya redioni hakujua wingu humfanya nini rubani, mimi nilijua kila kitu, na nilijua pia kwamba saa ya upeo kwenye ndege yetu, ile inayomwonyesha rubani kama mabawa yamelala sawa, ilikuwa na ugonjwa wake, inalala upande ikipata ubaridi, na kipuri tulikuwa tumekiagiza mpaka tukachoka kuagiza. Nilijua kwamba hawezi kukaa mawinguni muda mrefu na saa ile, kwa hiyo atapita chini. Nilijua atapita chini na kwa macho. Nikatoka nje bila kumtazama Sista.

Tulikoka moto wa majani mabichi ukingoni mwa kiwanja ili aone moshi, kama tulivyofanya siku zote. Moshi haukupanda. Ulitambaa kwenye nyasi, ukatuingia sisi wenyewe machoni, tukawa tunakohoa na kuupepea kwa vitenge kama watu waliorukwa na akili. Baada ya muda tuliisikia injini, chini, upande wa barabara. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa naifuata kwa masikio: sasa yuko kwenye zahanati ya zamani, sasa kwenye kona, sasa anatafuta kilima kushoto, kunja, kunja sasa. Hakukunja. Sauti ilikwenda mbele na kushoto. Kisha ikanyamaza.

Tulimkuta kwenye bega la kilima, ndani ya miyombo. Ndege ilikuwa imepasua njia kwenye miti na kuacha mabawa yote mawili nyuma. Yeye alikuwa ametambaa nje, ameegemea shina, mguu wake wa kulia umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Uso ulikuwa umesawijika kwa maumivu. Aliponiona aliuliza, "Shemeji yu hai?" Nikasema yu hai. Akafumba macho. Tulimbeba kwenye machela tuliyokuwa tumemwandalia mke wangu.

Tuliporudi, mtoto alikuwa amezaliwa. Mkunga wa hospitali, mama mmoja mzee ambaye hakujua kusoma wala hakuulizwa na mtu, alikuwa ameingiza mkono akamgeuza mtoto kama walivyofanya bibi zake, akamtoa kwa miguu. Mke wangu alikuwa dhaifu lakini damu imekata. Walinipa mtoto nimshike, mikono yangu bado ina tope na damu ya mtu mwingine. Watu wakapiga magoti wakamshukuru Mungu. Mama mkwe alikuwa amerudi chini ya paa la jiko, ameinamisha uso.

Ndege nyingine haikuja. Tuliahidiwa, tukaambiwa tuvumilie, tukaacha kuuliza. Kwa misimu kadhaa ya mvua redio za misheni ziliita Shinyanga na Shinyanga hawakuwa na cha kutuma. Najua baadhi ya waliokufa kwa sababu ni watu wa kwetu, na niliwazika.

Baraza la uchunguzi lilikaa Mwanza. Sista hakuitwa, alikuwa amekwisha kuhamishwa, na hakuna aliyefikiri kwamba mtawa ana la kusema kuhusu ndege. Mimi niliitwa mara mbili, kama shahidi na kama mtaalamu. Mwenyekiti aliniuliza kama kilima kilionekana. Nilijibu kwamba mawingu yalikuwa yakija na kuondoka, na kwamba kwa taratibu za kazi yetu rubani ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Yote mawili ni maneno mazuri. La pili ni la kweli kabisa. Mwenzangu alikuwa kwenye kiti cha mbele, magongo yameegemezwa ukutani, na alinitazama tangu niliposimama mpaka nilipokaa. Zamu yake ilipofika alisema maneno mawili: "Niliamua mwenyewe."

Wakaandika kwamba rubani aliendelea kuruka kwa macho katika hali ya hewa iliyomtaka ageuze na kufuata vipimo. Walimnyang'anya leseni. Mimi walinishukuru kwa ushahidi wangu.

Mtu angedhani niliacha urubani. Sikuacha. Nilipelekwa kufundisha, kwa kuwa nilisifika kwa uangalifu, na nilikuwa mwalimu mzuri, sina haja ya unyenyekevu wa uongo. Kila mwaka tulifika kwenye somo la macho na vipimo, na kila mwaka nilihitaji mfano. Nilikuwa na mmoja. Niliusimulia bila jina wala mahali: palikuwa na rubani mmoja hodari, aliyeijua nchi yake kama kiganja, akadhani kuijua kunatosha. Niliusimulia vizuri. Darasa lilinyamaza panapostahili na kucheka panapostahili.

Mke wangu hakujua. Aliniuliza mara nyingi kwa nini siendi kumwona mtu aliyevunjika mguu kwa ajili yake, nami nikasema nitakwenda, kazi ikipungua. Mtoto yule alipoanza shule, akiwa amekwisha kuota meno ya pili, nikakosa visingizio. Nikasikia mwenzangu yuko Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, anatengeneza pampu za wachimbaji. Nikaenda peke yangu.

Nilimkuta chini ya turubai, kati ya mashine zilizofunguliwa. Nyuma yake yalikuwa maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na watu wanashuka na kupanda kwa kamba wamepakwa vumbi mwili mzima. Alikuwa amenenepa kidogo. Mguu ulikuwa umenyooka mbele yake, haukunji. Alinitazama, akafuta mkono kwa tambara, akanipa.

"Keti juu ya hilo dumu," alisema. "Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Na mtoto?"

"Anasoma."

"Alhamdulillahi." Akarudi kwenye pampu yake, akawa anasafisha vali kwa mafuta ya taa.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini maneno yalitoka bila mpangilio. Nikamwambia kilima hakikuonekana. Nikamwambia hata mikaratusi haikuonekana, kwamba Sista alisema na mimi nikabonyeza kitufe.

Hakuinua kichwa. "Ulidhani sijui?" alisema. "Tumeongea kwenye redio zile miaka mingapi? Wewe ukisema kweli hujui kunyamaza. Unataja upepo, unataja urefu wa nyasi, unataja mbuzi wako wangapi kiwanjani. Siku ile ulisema njoo tu. Nikajua palepale."

"Basi kwa nini ulikuja?"

"Mkeo alikuwa anakufa. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningesema hivyohivyo, na wewe ungekuja." Akafikiri kidogo. "Au usingekuja. Wewe na saa zako. Lakini mimi nilikuja nikijua, kwa hiyo mguu huu sikukudai. Nilimwambia mwenyekiti niliamua mwenyewe kwa sababu niliamua mwenyewe."

Nikaanza kumshukuru. Aliinua mkono wenye mafuta kunizuia.

"Ngoja. Siku ile Mwanza nilikutazama, unakumbuka? Nilikuwa nangoja useme. Leseni nilijua imekwenda, nani atampa ndege mtu wa mguu huu. Nilitaka mle ndani awepo mtu mmoja wa kusema kwamba sikuwa mpumbavu. Kwamba niliitwa. Ukasema mawingu yalikuwa yanakuja na kuondoka."

Wachimbaji wawili walileta jagi la chai, wakatuwekea, wakaondoka. Alinimiminia. Nikadhani yamekwisha.

"Mwaka juzi alikuja hapa mtu uliyemfundisha," akasema. "Kaka yake ana duara pale chini, pampu imekufa. Akasikia ninavyoongea habari za injini, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi na ndege. Nikasema zamani kidogo. Basi akanisimulia kisa cha rubani mmoja, eti mwalimu wao huwapa kila mwaka. Alikijua chote, mpaka watu walivyoupepea moshi kwa vitenge." Akanywa chai. "Alicheka sana alipofika kwenye moshi. Nami nikacheka naye, nifanye nini."

Nilikaa juu ya dumu mpaka chai ikapoa, naye akaifunga pampu, akaivuta kamba, ikawaka, akaizima. Aliponisindikiza barabarani alitembea polepole na mimi nikalazimika kutembea polepole. Hakunikaribisha tena, wala hakusema nisije.

Mwaka huo tulifika kwenye somo lile kama kawaida, na nilikuwa nimeazimia kusema kweli. Nilisimama mbele ya darasa, nikaanza: palikuwa na rubani mmoja hodari. Nikawaeleza habari za barabara, kilima, kiwanja cha majani. Moshi niliuruka. Mwanafunzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa fundi kabla ya kuja kwetu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini kule chini kulikuwa na redio. Aliyekuwa kwenye redio alimwambia nini?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Darasa zima lilinitazama, kalamu mkononi, tayari kuandika jibu.

Nikasema hilo halijulikani.

Wakaandika.